Mchanga Nyuma ya Nyumba ya Mdogo Wake

Wenzake kazini walimwita Bi Tope, naye alikuwa ameshaacha kununa. Mtu anayelipwa kushindilia mabomba kwenye vinamasi na kuyavuta yamejaa udongo alitarajia aitweje, Bi Marashi? Kazi yake ilikuwa kutafuta tsunami za kale. Bahari ikivamia nchi kavu huacha mchanga, tope likaja kuufunika taratibu, na ushahidi ukabaki humo chini umejilalia.

Hakuwahi kuogopa mchanga. Mpaka asubuhi ile maabarani, alipopasua bomba alilolichukua nyuma ya nyumba ya mdogo wake, mahali ambapo bahari huioni hata ukipanda juu ya paa.

Tope jeusi, jeusi, jeusi. Halafu mchanga mweupe wenye vipande vya kome, karibu kabisa na mwisho wa bomba.

Mwisho upi sasa? Jana, akikimbizana na mvua, hakuchora mshale wa kuonyesha juu ni wapi. Kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza! Kama mchanga ulikuwa chini, wimbi lile lilipiga enzi za mababu wa mababu. Kama ulikuwa juu, kwa hesabu ya ardhi lilipiga juzi tu.

"Uwe chini," alinong'ona, akisogeza kisu. "Nakuomba, uwe chini."

Akaparua. Mizizi ya nyasi, bado mibichi, ilikuwa imejisuka upande uleule wa mchanga. Mchanga ulikuwa juu.

Mdogo wake alipopigiwa simu alikuja na mtoto mgongoni, akicheka tangu mlangoni.

"Dada, unaniita kwa ajili ya mchanga? Kwangu umejaa mpaka kitandani."

"Huu ni wa baharini."

"Bahari yenyewe iko kule!"

"Ilikuja. Shika uone."

Mdogo wake akachokonoa kipande cha kome kwa ukucha, akakitazama. Kicheko kikamkauka.

"Maji yalifika kimo gani?"

"Sijui."

"Na itarudi lini?"

"Ningejua, mdogo wangu, ningekuwa napata usingizi."

Mdogo mtu akamfungua mtoto mgongoni, akamkumbatia kifuani kana kwamba sakafu imeshaanza kulowa.

"Kile chumba cha stoo, kule nyumbani kwako mlimani, umekijaza nini?"

"Mabomba."

"Yatoe leo. Tunahamia."