Wimbo wa Kisimani

Hapa Wajir, wenye ugomvi wa kazi walipelekwa kwanza kwa Yarrow, mteka maji, kabla ya kwenda kwa afisa wa kazi. Kwa nini yeye? Hakuwa hata mpole! Siku moja mwaka 1966 nikaenda kujionea.

Mzee Abdow alikuwa amemfukuza mchungaji wake, Awil, kwa kurudisha ngamia baada ya saa ya kafyu, marufuku ya kutoka nje usiku wakati ule wa vita. Awil alitaka kumshtaki. Yarrow akamshusha Awil kisimani ateke maji, kisha akamweka Abdow juu apokee ndoo.

"Ngamia wana kiu," Yarrow akasema. "Maneno baadaye."

Birika la kunyweshea likajaa, lakini ngamia wakasimama tu, shingo juu. Wamezoea kunywa wakiimbiwa, na wale wawili walikuwa wamenuna.

"Si watakufa kwa kiu?" nikauliza.

"Nyamaza wewe!" Yarrow akafoka.

Mwishowe Abdow akaanza kuimba, sauti ikimkwaruza. Awil akaitikia kutoka chini. Ngamia wakainamisha shingo, wakanywa.

Wimbo ulipokwisha, Abdow akachungulia kisimani. "Jioni ile nilisikia bunduki za askari, Awil. Nilidhani nimekutuma ukafe. Nilipokuona mzima, nikashikwa na hasira."



"Teremsha ndoo, adeer," Awil akasema kutoka chini, akimwita ami kwa heshima. "Bado hawajashiba."