Darasa la Binti Yake

Nilipokuwa nasoma Minneapolis, miaka ya tisini, nilipata kibarua cha kuingiza fomu kwenye kompyuta. Zilitoka China. Wanafunzi wa shule moja walikuwa wameulizwa kama wanalala, kama wanakula, kama wanalia bila sababu, ili profesa wetu ajue nani ana sonona, ule ugonjwa wa huzuni. Fomu hazikuwa na majina, ila namba.

Mwenzangu kazini alikuwa mama wa Kichina aliyekuwa akisomea shahada, mpole mpaka ananiudhi. Yeye husoma majibu kwa sauti, mimi napiga chapa. Siku moja akashika bunda jipya, akawa anatazama tu jina la darasa lililoandikwa juu yake.

"Haya, soma basi, dada yangu! Basi la kwetu Brooklyn Park halinisubiri mimi," nikamhimiza.

Akasema hilo ndilo darasa la binti yake wa miaka kumi na minne, aliyemwacha kwa bibi yake, mwaka wa tatu sasa. Na fomu moja humo ilikuwa ya msichana wa umri huo, aliyejaza "kila siku" penye kila swali la huzuni.

"Lakini nikimpigia simu husema hajambo," akasema.

Loo, nilipandwa na hasira! "Na wewe unaamini? Hata mimi humwambia mama sijambo, nami nimetoka kulia bafuni. Usimuulize hali. Muulize jana alikula nini, na nani."

Jumamosi jioni, kwao asubuhi, alipiga simu akiwa kwangu. Kichina sikijui hata neno. Nilimwona tu akisikiliza, kisha akafunika uso kwa kiganja. Alipokata simu akanifasiria: binti alikula wali na mboga, peke yake. Halafu binti akamuuliza, "Mama, ukinikuta njiani utanitambua?" Nililia naye, mimi niliyekuwa nimemkaripia.

Profesa alikuwa ameipelekea shule namba ya ile fomu, mtoto atafutwe asaidiwe. Jibu lilikuja baada ya wiki mbili: ni binti wa watu wengine.

"Alhamdulillahi," nikasema. "Basi wako mzima."

Akatikisa kichwa. "Wangu ni mmoja wa waliojaza 'hapana' kote, kama anavyosema hajambo kwenye simu."

Aliacha masomo yakiwa yamebaki miezi michache. Wenzetu walimwita mjinga, lakini uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mimi ndiye niliyemsindikiza uwanja wa ndege. Alinishukuru, akanikumbatia, nami nikashindwa hata kumtakia safari njema, kwa wivu niliomwonea binti yake; mama yangu mimi bado aliniamini nikisema sijambo.