Kiboko Asije Akajiona

Asubuhi hii ufuoni Dunga, Kisumu, Griffins Wepukhulu amejikunja ndani ya boti iliyovutwa nchi kavu, brashi mkononi, rangi ya kijivu imemdondokea shingoni. Anachora sikio.

"Sikio la kiboko likikaa vibaya, huyo ni nguruwe," anasema bila kugeuka.

Hapa ufuoni wanamjua kwa wanyama wake. Amechora simba, chui na tai kwenye boti za watu miaka kumi na miwili, na simba gani, jamani, amewahi kuvua omena? Moyo wake uko kwa kiboko. Wazazi wake walitoka Bungoma kutafuta vibarua, wakamlea katika mtaa wa Obunga, hapa Kisumu. Jioni wenzake wakicheza mpira, yeye alishika njia ya ziwani kuwatazama viboko wakitoka majini kwenda malishoni. Mama yake alimchapa kwa kuchelewa, akamchapa tena kwa kuchafua ukuta wa jirani kwa mkaa. Wapi! Hakukoma.

Lakini kiboko hachorwi kwenye boti. Wavuvi wanaamini kwamba dume akimwona dume mwenzake kwenye mbao, atadhani amekuja kumnyang'anya maji, naye ataipindua boti. Basi Wepukhulu akawa anachora viboko nyumbani kwake, picha ambazo hazinunuliwi. Nani ataweka sebuleni mnyama anayeua watu?

Mwezi uliopita akaja Rachael Adongo. Mumewe, Ochieng, aliuawa na kiboko mwaka juzi, pale kwenye mafunjo wanakojificha viboko. Boti aliyoacha ndiyo inayowalisha watoto. Adongo akataka ichorwe kiboko. Watu wakanong'ona kwamba msiba umemvuruga akili. Wepukhulu alifurahi, kisha akaionea haya furaha yake.

"Kila mtu ananiambia nisahau," Adongo alimwambia. "Mimi nataka hawa vijana wa boti wakumbuke. Baba watoto alikuwa anapitia kwa mafunjo kwa sababu ni karibu."

Opondo, kiongozi wa wavuvi wa boti hiyo, akakataa katakata. Kiboko akichorwa, yeye na wenzake watatafuta boti nyingine.

"Fundi, tunakuheshimu," alisema. "Lakini hiyo mnyama ikijiona hapo nje, ni sisi itatafuta."

Boti ikalala mchangani, na nyumbani kwa Adongo samaki akawa hadithi.

Wepukhulu hakubishana. Alipanda botini, akakaa anapokaa mpiga kafi, akatazama mbele. Kisha akamwita Opondo, akamuuliza: kiboko akichorwa kwa ndani, atajionaje?

Opondo alifikiri, akacheka kidogo. "Ndani ni mambo yetu," akasema.

Ndiyo maana leo fundi amejikunja humu. Hamchori mzima. Anachora masikio, macho na pua juu ya mstari wa maji, kwa kuwa mvuvi haoni zaidi ya hapo kabla mambo hayajaharibika.

Mzima atamchora siku moja, anasema, kwenye ukuta wa nyumba yake Obunga. "Huko hatagombania maji na mtu. Hata sisi wenyewe hatuna."

Kesho yake rangi imekauka, na boti inasukumwa majini. Adongo anasimama kando ya Wepukhulu, mikono kifuani. Njia fupi inapita kwenye mafunjo. Boti inayakaribia, inapunguza mwendo, kisha inageuka kuelekea kilindini.

"Wamezunguka," Adongo anasema. Anajifuta macho kwa leso, anaenda kuwasha jiko.