Samaki wa Mgeni

Siku wakwe zangu walipokuja kwetu kujitambulisha, mimi ndiye niliyepanga chakula. Nilikuwa nimepata kazi katika ofisi moja Makiso, nimeshazoea kula kwa uma, na nikajiaminisha kwamba watu wa huko katikati ya mji wakikuta nyumba inanuka samaki watatuona washamba. Kwa hiyo nilinunua kuku wa barafu, viazi vya kukaanga na mayonezi. Mayonezi, jamani, kwenye nyumba ya mvuvi.

Kwetu, kwenye maporomoko, mgeni wa maana hapewi kitu cha kununua. Baba huenda alfajiri kwenye nguzo zilizosimikwa katikati ya maji yanayonguruma, huvuta vikapu vikubwa vilivyotegwa hapo, na samaki wa kwanza kutoka ndiye wa mgeni. Heshima yetu iko hapo. Asubuhi ile alirudi na samaki mmoja mnene, aina ya kapitene, akicheka peke yake.

"Hii ni ya bakwe yako," alisema.

"Papa, batu ya Makiso habapendi harufu," nilimjibu. "Nilishapika kuku."

Alimtazama samaki, akanitazama mimi. "Bon. Leo iko siku yako." Mama akamfunika yule kapitene kwa beseni, jikoni nyuma ya nyumba.

Wageni walikula kidogo kidogo. Mama mkwe, mwanamke mpole ambaye kumbe alikulia Isangi kando ya mto, aligeuzageuza paja la kuku kwenye sahani, mwishowe akamgeukia baba akitabasamu. "Papa, miye nilikuja na njaa ya samaki yenu. Njia yote tulikuwa tunaongea tu kapitene."

Baba hajui kudanganya hata mtoto mdogo. Nilisubiri aseme kwamba samaki yupo, ila binti yake ameona haya kumwandaa.

"Utusamehe, mama," alisema. "Leo mayi ilikuwa mubaya. Kikapo yote ilitoka bule."

Baba zangu wadogo waliokaa nasi, wavuvi wote, waliinamisha macho. Mvuvi wa maporomoko kusema mbele ya wageni kwamba hakupata kitu, tena siku ya binti yake, ni kujitangaza kwamba hana mkono wala bidii. Wao walijua ukweli, nami niliujua. Nikamwongezea mama mkwe viazi.

Sasa nimeolewa, na mama mkwe hakusahau. Wema wake ndio unaoniumiza. Juzi aliniambia nimsindikize kwetu, amebebesha pikipiki katoni nzima ya samaki wa barafu, wale wanaoletwa kutoka nchi za mbali. "Ni ya papa yako," alisema. "Maskini, mayi inamusumbua." Njia nzima nilitafuta pa kuanzia nimwambie. Sikupata, au sikutaka kupata, sijui.

Baba aliipokea katoni, akashukuru, akaomba samaki wapikwe palepale ili mgeni asiondoke bila kula naye. Mwanaume aliyekula samaki wa mto maisha yake yote alikaa mbele ya mama mkwe wangu, akamaliza wawili, akasema ni watamu.

Kisha akanisogezea sahani. "Kula, mutoto," akasema. "Ni chakula ya kwenu, kule Makiso."