Mgomba wa Mpangaji

Mwenye nyumba wangu wa Bugene alikuwa mzee wa kuheshimika, mtu wa kuvaa koti hata jua likiwaka, na mimi nilimheshimu vizuri tu mpaka siku aliponikuta nyuma ya nyumba yake nimeshika jembe.

Lakini nianze na dirisha, maana bila dirisha lile nisingepanga kwake. Chumba changu kilikuwa cha mwisho kwenye safu ya vyumba vya kijani, na dirisha lake lilitazama bondeni. Ng'ambo ya bonde kilikuwepo kibanja cha baba yangu, shamba la migomba na kahawa lenye nyumba katikati. Kila asubuhi nilifungua dirisha kutazama moshi wa jiko la mama. Nikiuona, mama ameamka salama. Nisipouona, nilivaa kandambili na kukimbia bila hata kunawa uso.

Mama miguu yake huvimba, hawezi kuchota maji wala kukaa sana jikoni. Baba alishafariki na amezikwa pale pale kibanjani, na mama akishauriwa kwenda kukaa na mwanawe mwingine hujibu kwamba mume wake yuko pale, aende wapi? Shamba walishagawana kaka zangu. Nyumba alibaki nayo mdogo wangu wa kiume, na mkewe na watoto, wamejaa mpaka mlangoni. Mimi nilikuwa nimeolewa Kyerwa, ndoa ikanishinda, nikarudi. Kwetu binti aliyerudi hupokelewa vizuri sana. Hutandikiwa mkeka, huletewa kahawa ya kutafuna, huulizwa habari za njiani. Ardhi haulizwi.

Kwa hiyo nilipanga Bugene. Nilikuwa napika kwenye shule iliyo jirani na pale, na mpishi wa shule hana ruhusa ya kukaa mbali. Kuni zikiwa mbichi, lazima ufike mapema ukapulize moto huku machozi yakikutoka, ili watoto wakija na vikombe vyao wakute uji umeiva. Jioni nikishaosha masufuria, navuka bonde kwa mama. Namchotea maji, namenya ndizi, namkanda miguu, tunawasema watu kidogo, narudi kulala. Sikuwa na maisha makubwa, lakini nilikuwa na furaha, na nilijua kwamba nina furaha.

Kisha mji ukatufuata. Kayanga ilikuwa inapanuka, na Bugene iko ubavuni mwake, basi kila mwenye uwanja akawa anafyatua matofali. Wakaja watumishi, wakaja wafanyabiashara, wakaja vijana wenye pikipiki mpya. Kodi ikawa inapanda kama homa. Mwenye nyumba alikuwa akija na koti lake, anauliza afya ya mama kwanza, halafu anakohoa. Kile kikohozi nilikijua. Akikohoa tu, nilijua mwezi ujao nitakula maharage bila mafuta.

Nilivumilia. Sasa sikilizeni nilichokifanya.

Nyuma ya chumba changu palikuwa na mahali nilipomwaga maji ya vyombo, udongo mweusi, umelainika, unalilia kupewa kazi. Jioni moja mama alikuwa anapunguza machipukizi kwenye shina la enshakala, ndizi yetu ya kupika, akanipa moja. Hakuniambia kitu. Mtu wa kwetu akipewa chipukizi hulipokea kwa mikono miwili na miguu inaelekea yenyewe kwenye udongo mzuri. Kesho yake nikachimba shimo nikapanda.

Mtu wa mbali atauliza, kosa liko wapi? Mpangaji kwetu anaruhusiwa kupanda maharage, mchicha, hata mahindi akipenda. Hivyo ni vitu vya kupita, vinavunwa na kusahaulika. Mgomba haupiti. Mgomba unazaa, unaacha watoto, watoto wanaacha wajukuu, na anayeupanda anatangaza mbele ya majirani kwamba hapa ndipo kwake. Mwenye ardhi akinyamaza, amekubali. Nililijua hilo tangu nikiwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Kichwa kililijua, mikono ikasahau, au pengine mikono ndiyo ilikuwa inajua inachokitaka.

Mwenye nyumba alitokea jembe likiwa bado mkononi mwangu. "Shikamoo mzee," nilimsalimu.

"Marahaba. Hiki ni nini?"

"Mgomba, mzee."

"Kwamba ni mgomba naona, mimi si mgeni. Nani kaupanda?"

"Mimi."

"Kwenye ardhi ya nani?"

Nikajieleza, maji ya vyombo, udongo mzuri unapotea bure. Mdomo wangu una tabia ya kuongeza jambo pasipohitajika, nikaongeza kwamba ndizi zikiiva nitamgawia. Nitamgawia! Yeye, kwenye kiwanja chake! Mzee alivua kofia akajipepea.

"Waitu, jamani mama, unataka kunirithi na mimi bado napumua?"

Majirani wawili waliokuwa wanaanua nguo walicheka mpaka wakashikana. Hata mimi kicheko kilinitoka, na hicho ndicho kilichoniponza. Mzee hakucheka. Aliniambia ning'oe, na kwamba kuanzia mwezi unaofuata chumba kitakuwa na kodi mpya, ambayo aliitaja pole pole ili niisikie vizuri. Ilikuwa kodi ya mtumishi wa serikali. Hakunifukuza, la hasha, alinipandishia tu mpaka nikajifukuza mwenyewe.

Nilizunguka Bugene yote na Kayanga yote. Nilioneshwa chumba kilichokuwa banda la kuku, na mbolea bado iko pembeni, na mwenyewe hana haya kutaja bei. Nikamuuliza kama kuku walikuwa wanalipa kiasi hicho hicho. Mwishowe nikapata chumba Chonyonyo, mbali na shule na mbali na mama, kwa mjane mmoja ambaye wazazi wake walitoka Burundi zamani kuja kulima vibarua. Nilihama na godoro, sufuria, na chipukizi langu ndani ya kiroba chenye udongo. Kulitupa sikuweza. Mama ndiye aliyenipa.

Chonyonyo ni pazuri, nisipaseme vibaya. Mjane yule alikuwa na roho ya dhahabu. Lakini siku ya kwanza nilipofungua dirisha asubuhi niliona kahawa za jirani tu, nikakaa kitandani nikalia. Bodaboda ilikuwa inameza mshahara, na mvua ikinyesha bodaboda haiji. Nikaanza kuchelewa. Watoto walisimama na vikombe vitupu wakinitazama nakimbia na mwiko, na mwalimu wa zamu, mtu mpole, akaniambia kwa upole kwamba hali hii haiwezi kuendelea. Ningefokewa ningejibu. Kwa upole ule nikarudi kupuliza moto wangu.

Kwa mama ndiyo kabisa. Nikitaka kurudi Chonyonyo kabla ya giza, siwezi kuvuka bonde. Nikawa naenda Jumapili tu, baada ya kanisa. Wifi yangu alimpikia, sina la kumlaumu, ana watoto wadogo na shamba. Lakini nilimkuta mama miguu imekuwa mizito, ngozi inang'aa, na sahani imefunikwa haijaguswa.

"Kwa nini huli, mama?"

"Nakula. Ila chakula cha kula peke yangu hakishuki."

Niliogopa. Niliogopa kwamba Jumapili moja nitakuja nikute watu wamekaa matanga nje kwenye migomba, na mimi nimekuja kama mgeni mwingine yeyote.

Yule mjane wa Chonyonyo aliniona namwagilia kiroba changu kivulini. Akauliza, nikamsimulia habari yote ya mzee na koti. Alicheka kidogo. Akanieleza kwamba wazazi wake walipalilia migomba ya watu miaka na miaka, na hakuna aliyewaambia wapande hata mmoja uwe wa kwao.

"Mimi ninakwambia," akasema, akinyoosha mkono kuonesha nyuma ya nyumba. "Panda pale. Hakuna atakayekuuliza."

Kwetu huwezi kupewa neno kubwa kuliko hilo. Nilimshika mikono yote miwili. Lakini nikamwomba anivumilie, anipe muda, kwa sababu ningepanda pale ningekuwa nimekubali kwamba mama atabaki ng'ambo ya maisha yangu. Alielewa. Alisema mgomba kwenye kiroba haudumu, niamue mapema.

Jumapili iliyofuata nilimkuta mdogo wangu amemwaga mchanga na mawe kwenye pembe ya kibanja iliyo karibu na barabara. Amekata migomba kadhaa. Alikuwa anajenga vyumba vya kupangisha. Akaniita dada kwa furaha, akanionesha kamba alizovuta, akaniambia kimoja ataniwekea mimi kwa bei ya ndugu. Akaitaja hiyo bei ya ndugu. Nilimuuliza kama huyo ndugu anayemsema ni mkurugenzi wa halmashauri. Akacheka, akapanda pikipiki, akaenda Kayanga kutafuta saruji. Si mtu mbaya. Ana ada za shule, na mji umemwonesha pesa.

Mama alikuwa amekaa mlangoni, amesikia yote. Nikadhani atanituliza. Akauliza, "Lile chipukizi nililokupa liko wapi?"

"Chonyonyo, kwenye kiroba."

"Kalete."

"Leo, mama?"

"Waitu, mwanangu, kwani mimi natembea? Nimesema kalete."

Nikaenda, nikarudi nimekumbatia kiroba nyuma ya bodaboda, udongo umenichafua gauni la kanisani. Mama alikuwa ameshaomba asogezwe kwenye mkeka hadi pembeni ya kamba za mdogo wangu. Alikuwa ameita na majirani, mmoja wa kulia mmoja wa kushoto, eti waje wamsalimie. Walikuwa wanatafuna kahawa na kutazama hewani kama watu wasiojua kitu. Akaninyooshea kidole katikati ya zile kamba.

"Chimba pale."

Nikashika jembe. Binti, kwenye ardhi iliyogawanywa kwa wana wa kiume, mbele ya mashahidi. Nilichimba. Nilipanda. Hakuna aliyesema neno, na ukimya ule kwetu una maana yake.

Mdogo wangu alirudi na mfuko wa saruji kwenye pikipiki. Aliuona mgomba kabla hajatuona sisi. Akazima injini. Akamtazama mama, akawatazama majirani, akanitazama mimi na gauni langu, na niliona uso wake ukipitia hasira, aibu, na hesabu za vyumba vyake. Angeweza kuung'oa kwa mkono mmoja. Ardhi ilikuwa yake.

"Baba yenu yuko pale," mama akasema, akionesha kaburi kwa kidevu. "Mwulize kama huyu ni mgeni."

Mdogo wangu akashusha saruji. Akachukua jembe lililokuwa miguuni mwangu, akaufuata mgomba, na mimi nikafumba macho, kweli nilifumba, kwa sababu sikutaka kuona mkono wa ndugu yangu ukifanya kazi ile. Nikasikia jembe linaingia ardhini mara moja, mara ya pili. Kisha sauti yake ikaja, imekasirika bado.

"Dada, umepanda juu juu hivi kama mtu wa mjini. Upepo utauangusha."

Nikafumbua. Alikuwa anaongeza shimo. Akalishusha chipukizi chini zaidi, akalishindilia kwa mguu, akaenda zizini akarudi na karai la samadi, akatandaza nyasi juu yake vizuri kama baba alivyotufundisha. Jasho lilimtoka. Majirani wakaanza kuongea kwa pamoja habari za mvua.

Alipomaliza akasimama, akafuta mikono kwenye suruali, akazitazama kamba zake kwa muda mrefu. Halafu akaanza kuzifungua moja baada ya nyingine na kuzivuta upya, vyumba vya kupangisha vikasogea kule barabarani na kupungua, na huku nyuma, kuuzunguka mgomba, pakabaki nafasi.

"Nyumba ya udongo tu kwanza," akasema bila kunitazama. "Bati tutaona baadaye. Mlango wako unataka utazame wapi?"

Nikamwambia utazame jiko la mama.