Miguu Mitatu Mpakani

Kwetu hakuna reli. Meru haina, Embu haina, na mimi ninayependa kupiga picha za treni lazima nitoke Kinoru, mtaa wa Meru ninakoishi, niende mpaka Nanyuki. Tena siendi siku ya jua. Treni ya juani ni mabati yanayotembea tu. Naitaka ndani ya mvua, taa ikitoboa ukungu na maji yakiruka mbele yake. Watu husema nimerukwa na akili, nami huwaona hawana macho.

Msimu wa mvua uliopita nilishuka Gachoka, kwetu Embu, kumsalimia mama. Mchana wingu jeusi likafunga anga yote, upepo ukaanza kulaza mtama. Nilikuwa nimeishonea kamera mfuko wa nailoni, nikaona nijaribu kama utazuia maji kabla sijarudi Nanyuki. Nikasimamisha stendi ya kamera kwenye mpaka wa shamba la mama, nikainama nyuma yake, jicho moja nimelifumba.

Kwingine wangeona mpiga picha. Gachoka, ambako ardhi imegombaniwa tangu sijazaliwa, mtu aliyeinama nyuma ya kitu cha miguu mitatu ni mpimaji wa mashamba. Na siku hizo sokoni kulikuwa na uvumi kwamba reli itapitishwa pale.

Jiwe la kwanza nilidhani ni la mvua. La pili likanipasua sikio. Wanaume walitoka kwenye mtama wakiwa na marungu, na mbele yao jirani yetu, aliyenibeba mgongoni nikiwa mdogo, ameshika panga.

"Nani amekutuma upime?"

"Mzee, mimi napiga picha tu. Si unanijua?"

"Najua mama yako. Wewe siku hizi ni mtu wa Meru."

Nikafanya nililoona ni la busara: nikawasha kamera, nikampa aone mwenyewe picha zangu. Akaangalia treni kwenye mvua. Akabonyeza, treni nyingine. Akabonyeza tena, treni. Uso ukambadilika.

"Ni wa reli," akawaambia wenzake. "Ako na reli yote hapa ndani."

Rungu likashuka, nikasikia mfupa wa mkono ukivunjika. Mvua ya mawe nayo ikaanza, ikitupiga sote, na hakuna aliyekimbia. Walinipiga mateke nikiwa matopeni. Niliwachukia kuliko nilivyowahi kumchukia mtu yeyote, na niliogopa hadi nikajikojolea. Jirani alikuwa amelipandisha panga.

Mama alikuja bila viatu, jembe mkononi. Akapita katikati yao, akamnyang'anya jirani kamera, akaiweka juu ya jiwe la mpaka na kuiponda mpaka vioo vikaruka. Kisha akaigeukia stendi, akavunja mguu mmoja baada ya mwingine.

"Kifaa cha kupima kimekwisha," akasema akihema. "Nendeni nyumbani, mnanyeshewa."

Jirani akatazama vile vipande, akashusha panga. Wakaondoka.

Nililia kwa hasira zaidi ya maumivu. "Mama, unajua haikuwa ya kupima."

"Najua." Alikuwa anaufunga mkono wangu kwa leso yake. "Ningewaambia ni ya picha, saa hii ningekuwa nakulilia."