Harage la Kumi na Tisa

Katika maabara ya kliniki ya mifugo, chumba chenye sinki moja na viti viwili, kimoja kibovu, fundi wa maabara aliyeitwa Bibi Hadubini alikuwa na makopo mawili na maharage ishirini. Kila alipomaliza kutazama kwa hadubini sehemu kumi za kioo, harage moja lilihama kopo. Kabla hayajahama yote, hakumwandikia mnyama yeyote kwamba hana kitu. Hiyo ni desturi ya miaka ishirini na sita. Daktari mpya, mwenye miezi minne kazini na maoni ya miaka arobaini, aliyaita maharage hayo "idara ya jikoni".

Asubuhi hiyo aliletwa Stempu, mbwa wa tarishi mstaafu. Katika utumishi wake tarishi aliumwa na mbwa tisa, kisha akastaafu, akafuga wa kumi. Stempu alikuwa mifupa mitupu, manyoya yamenyonyoka kuzunguka macho, kucha ndefu kama za tajiri asiye na kazi.

"Mke wa mwanangu kasema ugonjwa usio na jina haulali kwake," alisema mzee. "Leo nikirudi bila jina, kesho Stempu anachomwa sindano ya mwisho. Kliniki mbili zimeshindwa."

Daktari alishuku kala-azar, inayoenezwa na usubi. Akadondosha damu kwenye kipimo cha haraka. Ukatoka mstari mmoja: hakuna.

"Hicho kinatafuta askari wa mwili," alisema Bibi Hadubini. "Wa huyu huenda bado wamelala. Nitolee majimaji ya tezi, nyuma ya goti, nimtafute mdudu mwenyewe."

"Mama, kipimo kimeshasema."

"Kimesema. Maharage bado."

Daktari akayatoa; Bibi Hadubini akayapaka kwenye kioo, akakausha, akatia rangi, akakalia kiti kizima. Harage la kumi. La kumi na tano. Daktari akachungulia, akauliza kama chakula kimeiva. La kumi na nane. Nje mlangoni mzee alimsemesha Stempu kwa sauti ya mtu anayeaga na hataki ijulikane.

Harage la kumi na tisa likabaki mkononi. Ndani ya seli moja kubwa walijibana wadudu saba, kila mmoja na kiini chake cha duara na, pembeni, kijiti cheusi. Uchafu wa rangi hauna kijiti.

Alisimama, akamwachia daktari kiti kizima.

Daktari akatazama kwa jicho moja, kisha kwa jingine, labda lingemtetea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Naisubiri tangu asubuhi."

Mzee alielezwa yote: dawa za muda mrefu, mkanda wa shingoni wa kufukuza usubi, kurudi kupimwa. Hakuuliza uponaji utachukua muda gani. "Jina liandikeni kwa herufi kubwa," alisema, akaikunja karatasi, akaitia mfuko wa kifuani na kuufunga kifungo, kama barua ya rejista. Kisha akaondoka na Stempu kwa mwendo wa kazini.

Bibi Hadubini alirudi kukaa, kichwa juu. Harage la kumi na tisa lilikuwa bado mkononi. Daktari akamshikia kopo.